Mgonjwa Asiyefutika

Jedwali la wagonjwa wa majaribio kwenye kompyuta lilipaswa kuwa tupu. Chiriku, mwandishi wa programu za hospitali, aliyebandikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alimkuta humo mgonjwa mmoja: mtoto wa kiume, miaka minne, homa kali. Jina halikuandikwa.

"Umemwingiza wewe?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili, bwana mpole waliyemwita Kaka.

"Mimi? Nimeshinda kwenye ripoti tangu asubuhi."

Chiriku akamfuta mgonjwa huku akicheka. Bila shaka ni yeye mwenyewe aliyeacha masalia ya majaribio. Majaribio ya mfumo, yale yanayohakikisha kwamba daktari akikosea dozi kompyuta itagoma, yalikuwa yakijikokota kama konokono, maana kila jaribio lilijengewa hifadhidata yake, likaingiziwa wagonjwa wa kubuni, kisha vyote vikabomolewa. Watu walichoka kungoja, wakaanza kuyaruka. Ndipo Chiriku akaamua itumike hifadhidata moja kwa yote, isibomolewe tena. Kasi ikawa ya kushangaza.

Alipoyaendesha upya, mtoto alikuwa amerudi. Uzito wake umepungua. Chumba kikaanza kunuka blanketi lililolowa jasho. Akamfuta tena, akaendesha tena. Mtoto akarudi, amekonda zaidi, na nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo, ambamo hamkuwa na mtu, kikasikika kikohozi chembamba.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia," alinong'ona. "Usigeuke."

Kwenye skrini, nafasi ya jina haikuwa tupu tena. Iliandikwa: Dogo.

Hivyo ndivyo Chiriku alivyomwita mwanawe. Simu ikaita. Alikuwa shangazi yake, mganga wa majini wa miaka mingi, aliyekuwa akimlelea mtoto.

"Mwanangu, Dogo anawaka moto. Nimemwinua, mwepesi kama nguo. Na anaongea kwa sauti isiyo yake."

"Anasema nini?"

"Anasema mlikuwa mkijenga na kubomoa, hapati pa kukaa. Safari hii mmeacha nyumba wazi, kahamia. Ukimfuta tena, anaondoka na wa kwako."

Chiriku akaondoa kidole kwenye kitufe kana kwamba kimemuunguza.

"Hatumfuti," alimwambia Kaka. "Tutafanya iwe hajawahi kuingia."

Akairudisha hifadhidata katika hali yake ya kabla ya mgeni, akatoa nakala kadhaa ili majaribio yaende sambamba, kila kundi na nakala yake. Kisha akaweka sharti: kila jaribio lifanye kazi yake bila kuhifadhi chochote kabisa, na likimaliza, yote yarudi nyuma kana kwamba hayakuandikwa. Hapakuwa tena na cha kujenga wala cha kubomoa.

"Lile la dozi za watoto ni refu," Kaka alinong'ona. "Liruke, tuondoke hapa."

"Siruki hata moja. Nikiliruka, ndimo atakamojificha."

Shangazi akabaki kwenye simu, udi ukifuka kando ya kitanda, akimsomea mtoto dua. Na Chiriku akayaendesha yote, yakapita moja baada ya jingine huku kikohozi kikizunguka chumba, kikapita mlangoni, kikapita mgongoni kwa Kaka, kikaja kikasimama sikioni mwake, kikawa pumzi ya moto, ikawa kilio cha mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama asiachwe, naye akafumba macho asithubutu hata kumeza mate, mpaka jaribio la dozi za watoto, la mwisho kabisa, lilipopita.

Kimya.

Jedwali tupu. Hakuna jaribio lililorukwa, na yote yamekwisha kabla chai ya Kaka haijapoa.

"Homa imeshuka," shangazi alisema, akihema. "Anakutaka, huyu hapa."

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Dogo, yake mwenyewe kabisa. Chiriku akalia kwa furaha.

"Niambie, mwanangu."

"Yule mtoto analia mlangoni. Anasema mmemtoa, hana pa kwenda." Kitasa kikasikika kikizungushwa. "Nimemwambia aingie, alale na mimi."