Salamu Zimwendee Daktari

Mchana ule soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, na kila kibanda kimefungulia muziki wake, kila mwenye spika akitaka kumzima jirani yake. Katikati ya kelele hizo Fundi alikuwa amelaza sikio juu ya redio ya mteja, akisaka mahali waya ulipokatikia, mara mtu akamgusa begani.

"Samahani, dada. Fundi yuko wapi?"

Hakuinua kichwa. "Ametoka. Atarudi ukishajifunza kuuliza vizuri."

Mama Cherehani, mshonaji wa kibanda cha pili, alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga mashine. Yule mwanamume akalitazama koti la kazi lililotobolewa na cheche, akazitazama kucha za mkono wa kushoto zilizopakwa rangi nyekundu. Za kulia hazikupakwa, maana ule ndio mkono wa kushikia chuma cha kuchomelea. Akaelewa, haya zikamshika.

"Basi naanza upya. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Mimi mzima. Anayeumwa ni huyu." Akaweka redio ya masafa mafupi juu ya meza.

Alikuwa mwuguzi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ikakolea, na alinukia sabuni ya hospitali. Alikuwa ameajiriwa kwa mwaka mmoja kwenye kambi ya wapima madini, mbali huko ambako mtandao wa simu haufiki, na aliambiwa kwamba kitu pekee kinachofika ni masafa mafupi. Fundi akamwita Daktari siku hiyo hiyo, kwa utani, na jina likamganda.

Ile redio ilikuwa na ugonjwa wa dakika chache tu. Fundi aliikalia wiki kadhaa. Kila Daktari alipokuja kuiulizia aliambiwa kuna kifaa hakijapatikana, na kila alipoambiwa hivyo aliondoka anatabasamu.

"Kifaa gani hicho kisichopatikana mji mzima?" aliuliza Mama Cherehani, sindano ikiwa mdomoni.

"Shona nguo za watu, Mama," Fundi alimjibu.

Penzi likanoga. Shida ilikuwa vidole vya Daktari. Vilikuwa na uwezo wa kuupata mshipa wa mtoto mchanga kwa mguso mmoja, lakini kushika stesheni kwenye masafa mafupi viliwashinda kabisa. Akizungusha kidogo tu, anaipita. Akirudi, anaipita tena. Fundi alimfundisha mpaka akachoka kucheka. Siku ya kuagana akaiweka redio mwenyewe kwenye idhaa ya ng'ambo inayotangaza Kiswahili, yenye kipindi cha salamu kila Ijumaa jioni, kisha akatoa kichupa chake cha rangi ya kucha, akapaka ukingoni mwa kile kitufe cha kuzungusha. Kikashikana na redio.

"Nimekifunga," alisema. "Kila Ijumaa nitakuwa hapo hapo."

"Na kikihama?"

"Hakihami. Na ole wako ukikibandua. Atakayekigusa kabla yangu si mume wangu."

"Kumbe nimeshakuwa mume?"

"Nyamaza, rangi haijakauka."

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa matamu. Kila wiki Fundi alituma salamu kwa ujumbe wa simu, na mtangazaji wa ng'ambo alizisoma kwa sauti yake nzito. Kila lori la kambi lilipokwenda mjini kuchukua chakula, Daktari alidandia, na mtandao ukishika tu, simu ya Fundi ililia.

"Fundi wangu!"

"Nani mwenzangu?"

"Acha hizo bwana. Ijumaa nimekusikia. Mtangazaji kasema nivae soksi, baridi isinipige."

"Na umevaa?"

"Kambi nzima imevaa. Wote wanasikiliza kwangu. Mpishi anauliza kama una mdogo wako."

"Ninaye, ila anauma." Kisha sauti yake ikashuka. "Daktari, nina hamu na wewe mpaka nasikia vibaya."

"Vumilia, mpenzi. Mwaka si mwingi."

Ulikuwa mwingi. Fundi alijikuta anageuka kila akipitwa na mtu anayenukia sabuni ya hospitali, na wengine waligeuka pia wakamwona anawashangaa. Alipika chakula cha wawili, akala cha mmoja. Alimpenda yule mtu na alimtaka karibu, basi, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Sasa, kuna jambo ambalo kila anayeishi na masafa mafupi analijua kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Idhaa hizi hazikai mahali pamoja. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi, jua na majira vikibadilika, nazo huhama na kushika mahali pengine kwenye masafa. Usipozifuata, unabaki na mikwaruzo. Mwisho wa mwezi wa kumi ulipofika Fundi aliwakumbusha wateja wote. Yeye mwenyewe alizungusha kitufe chake mara moja, akaipata idhaa ilikohamia, akaendelea kutuma salamu zake.

Daktari hakupiga tena.

Wiki ya kwanza Fundi alisema labda lori halijatoka. Ya pili akasema labda simu imemharibikia. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwuliza. Salamu zikaendelea kusomwa kila Ijumaa na yeye akaendelea kukaa na simu mapajani, akiigusagusa ione haya ilie.

Ndipo mwenye duka la simu la barabara ya pili akaenda nyumbani kwao kumposa Fundi. Alikuwa mtu mwema, msafi, hana makuu. Mama yake Fundi hakumlazimisha mwanawe. Alimwambia tu, "Mwanangu, mtu wa watu anangoja jibu. Huyo wa kwako yuko wapi?"

 Ijumaa iliyofuata Fundi akatuma salamu ambazo soko zima lilikuja kuzisikiliza kibandani kwake, maana Mama Cherehani hajaumbiwa siri.

"Kutoka kwa Fundi wa redio," alisoma mtangazaji, "zimwendee Daktari aliyeko kambini. Anasema, nyumbani wanataka jibu langu, na mimi nalitaka lako. Je, nikusubiri? Nipigie kabla mwezi haujaisha." Kisha mtangazaji akaongeza la kwake mwenyewe. "Daktari, kama unatusikia, kaka yangu, mpigie dada wa watu."

Mwezi ukaisha, simu haikulia. Jumamosi asubuhi Fundi alimwambia mama yake, "Mpe jibu. Mwambie ndiyo." Mama akamtazama sana, akasema atampigia jioni. Fundi akavaa koti lake la kazi, akaenda kibandani, akachomelea waya siku nzima; habari ya jibu alimwambia Mama Cherehani peke yake.

Jua lilikuwa linapungua alipoona redio inawekwa mezani. Aliijua kabla hajamtazama aliyeileta. Daktari alikuwa amekonda, ndevu zimemvamia, na shati lilikuwa halijui pasi.

"Imeharibika," alisema. Hata salamu hakutoa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi. Ijumaa moja ulikuwepo, iliyofuata hukuwepo. Mikwaruzo mitupu. Nikadhani betri, nikabadilisha. Nikadhani mvua, mvua ikakatika. Wewe hukurudi."

Kwa muda mrefu Fundi alikuwa amemwandalia maneno makali. Akayaanza. "Nilikuwepo kila Ijumaa! Dunia nzima imenisikia isipokuwa wewe! Nimejianika mbele za watu, nimekuuliza, nimelia, nime..." Macho yake yakaangukia kwenye kitufe. Rangi nyekundu ilikuwa pale pale, nzima, haina hata mchubuko. Hasira ikamwishia mdomoni.

"Daktari. Hukuzungusha?"

"Uliniambia nisiguse."

"Hata kidogo?"

"Mpishi alitaka kuzungusha tukagombana, akaninyima mboga siku tatu. Wote walisema, zungusha, utampata kwingine. Nikawaambia, aliyekiweka hapa ni yeye mwenyewe. Kama hayupo hapa, basi hayupo."

Fundi alikaa kwenye kigoda chake. "Jamani. Idhaa zinahama. Kila mwaka zinahama. Nimewaambia wateja wote. Nimemwambia hata Mama Cherehani, ambaye redio yake haishiki chochote zaidi ya stesheni za hapa mjini. Wewe nikakusahau."

"Ulinisahau?"

"Sikukusahau hata siku moja! Nilisahau kukwambia. Sisi mafundi hatuambiani, tunazungusha tu." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Na simu je? Ulishindwa kupiga?"

"Mvua ilibeba daraja. Lori halikutoka mpaka juzi. Nilipofika penye mtandao nilikaa na simu mkononi nikaogopa. Nikaona kama naachwa, niachwe nikiwa nakuona uso."

Cherehani ilikuwa imenyamaza zamani. "Fundi," Mama Cherehani aliita kwa sauti ya chini, "mama yako alisema anampigia yule bwana jioni. Hii si ndiyo jioni?"

Fundi aliirukia simu. Iliita, ikaita, hatimaye ikapokelewa.

"Mama! Umeshampigia?"

"Natafuta miwani nione namba. Vipi?"

"Usipige! Mama, nakuomba, usipige kwanza."

"Kwanza mpaka lini? Mtu wa watu huyo, si wa kuchezewa."

"Mpaka nimwulize mtu kitu."

Alishusha simu, akamgeukia Daktari. Kibanda cha kulia walikuwa wamezima muziki, na cha kushoto pia, na hakuna aliyejisumbua kujifanya ana kazi.

"Bwana gani huyo?" Daktari aliuliza, rangi imemtoka. "Na uliniuliza nini huko redioni?"

Neno lile lile alilolituma bila woga kwa kinywa cha mtu wa ng'ambo, lizunguke dunia nzima, sasa lilimtoka kwa shida. Mtu mwenyewe alikuwa mbele yake, umbali wa meza tu.

"Niliuliza kama nikusubiri."

Daktari aliisogeza redio kando. "Usinisubiri," alisema.

Mama Cherehani alijishika kifua. Fundi akainamisha uso, akaanza kuokota misumari iliyokuwa mezani, mmoja mmoja, kana kwamba ameambiwa aihesabu.

"Nisikilize, mpenzi. Nimeacha kazi. Mwaka haujaisha na nimewaachia, sirudi tena kule. Utasubiri nini, na mimi nimeshafika?"

Basi Fundi akalia pale pale mbele ya soko zima, kichwa kifuani kwa Daktari, watu wakapiga makofi. Na kwenye simu ambayo hakukumbuka kuikata, mama yake alisikika kwa mbali akiuliza, "Amesemaje? Jamani, hebu niambieni, amesemaje?"