Chupa Haipiti kwa Wastani

Kazini walimwita Bi Hakika, kwa sababu kila akiambiwa jambo huuliza, "Una hakika?" Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kiwanda cha maziwa. Programu yake ilitazama picha ya kila chupa iliyopita kwenye mkanda. Ikiona ufa, iliamuru mkono wa chuma uisukume chupa kando. Muda wake ulikuwa milisekunde tano tu, yaani sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Ikichelewa, chupa mbovu ilikwenda dukani.

Wiki hiyo chupa mbili zenye ufa zilipita.

"Kamera ndiyo mbovu," alisema meneja.

Bi Hakika hakukubali kabla ya kupima. Asubuhi, mezani nyumbani kwake, alipima muda wa programu. Kompyuta ikajibu sifuri. Akarudia. Sifuri. Mara ya tatu, milisekunde kumi na tano.

"Labda imechoka," alisema binti yake, akifunga viatu vya shule.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kurudisha pasi. Kazi yake ni kurekebisha mizani na saa.

"Wifi, unapima kwa saa gani?"

"Hii ya kawaida ya kompyuta."

"Hiyo inaruka kwa hatua za milisekunde kumi na tano. Kazi ikianza na kuisha kati ya hatua mbili, yenyewe haina habari. Kompyuta ina saa nyingine, ya hatua ndogo sana, ya kupimia muda. Isome kabla ya kazi, uisome tena baada yake, kisha utoe ya kwanza kwenye ya pili."

"Mara moja inatosha?"

"Haitoshi. Pima kwenye kompyuta ya kiwandani, picha elfu kumi tofauti. Zile za mwanzo ziache, programu huwa bado haijachangamka."

"Halafu nichukue wastani."

"Wastani utakufariji tu. Tafuta picha iliyochelewa kuliko zote. Chupa haipiti kwa wastani, wifi yangu."

Bi Hakika alikaa kando ya mkanda akapima. Karibu picha zote zilichukua milisekunde mbili. Lakini kila ya mia tano ilichukua tisa. Alirudia mchana, mambo yakawa yale yale. Akaisoma programu mstari kwa mstari mpaka akaona: kila baada ya picha mia tano, ilisimama kwanza kuzihifadhi, ndipo itoe uamuzi.

Akaibadilisha. Uamuzi ukatangulia, na kuhifadhi kukapewa programu nyingine. Akapima upya. Iliyochelewa kuliko zote ilichukua tatu.

"Una hakika?" meneja alimuuliza.

"Leta chupa."

Walichanganya chupa ishirini zenye ufa na elfu mbili zisizo na ufa. Mkanda ukawashwa. Mkono wa chuma ukasukuma moja, ukasukuma nyingine. Meneja alihesabu zilizo kando: ishirini kamili.

"Kesho," alisema, "utufundishe wote kupima."