Kabini ya Bwana na Mke Wake

Dirisha la tikiti pale Beach, bandarini Kisangani, lilikuwa limezingirwa utafikiri wanagawa chumvi ya bure. Boti mpya, Maua ya Mto, ilikuwa inauza matembezi ya Bonne Année, ya Mwaka Mpya, siku tatu, mpaka Yangambi na kurudi, muziki na liboke ya samaki wa majani humo humo. Bei ya mwezi wa nane ilikuwa inakwisha siku hiyo saa sita mchana. Kasoki, muuza vitenge wa soko kuu, binti ya Papa Maurice mwenye duka la jumla, alikuwa anapita tu na kitenge chake cha njano kilichombana kiunoni, mtu mmoja aliposukumwa nyuma na kumkanyaga kidole.

"Aï! Papa, macho yako iko wapi?"

"Pardon, mama. Banasukuma!"

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, vipande vya uzi vimemganda kolani. Fundi cherehani, jina lake Djuma.

"Mwezi wa nane unapigania safari ya mwisho wa mwaka?" Kasoki akamcheka. "Miye niko muchuuzi. Ngoja siku ya mwisho, batashusha bei benyewe."

"Boti si nyanya, mama. Haiozi. Leo kabini ni dola mia na ishirini. Noël itapita mia tatu, utaniambia."

Kasoki akacheka mpaka akasahau kidole. Alipoondoka, namba yake ilikuwa imo kwenye simu ya Djuma.

Basi mapenzi yakaanza, na simu zikawa haziishi. "Chérie, umekula?" "Nimekula lituma ya ndizi, na nimekukosa." "Muongo wewe!" "Minaapa!" Djuma akamshonea gauni la bluu bila kumpima, likamkaa sawasawa. Lakini Kasoki alikuwa na hofu moja, na alilala nayo. Shangazi yake Florentine alikuwa hachoki kumwambia: "Batu ya Islamu, mutoto wangu, utafika mule utakuta mke mwenzako iko jikoni." Kasoki alimpenda Djuma mno hata akaogopa kumuuliza.

Wiki ya Noël, Krismasi imekaribia, akaenda Beach kupokea mzigo wa vitenge. Orodha ya abiria wa Maua ya Mto ilikuwa imebandikwa ukutani, watu wanaisoma kwa sauti. Akaisoma naye. Kabini ya saba: Djuma Ramazani na mke wake.

Akamwendea Viviane, mama wa dirishani.

"Huyu wa kabini ya saba, alilipa lini?"

"Yule? Tangu mwezi wa nane, siku ya mwisho ya bei ya zamani. Mujanja! Leo ni mia tatu na kumi."

Mwezi wa nane! Siku ile ile waliyokutana. Kumbe alipokuwa anamchekesha alikuwa amekwisha kulipia kitanda cha mwingine. Akapiga simu. Imezimwa. Akapiga mara tano, sita. Akampigia fundi mwenzake Djuma.

"Djuma iko Lubunga, ng'ambo ya mto, dada. Alienda kuchukua tonton yake. Banarudi na pirogi."

Kasoki akageuka kuutazama mto, akiutafuta mtumbwi huo. Upepo ulikuwa umeanza, mvua inakuja mbio kutoka ng'ambo, maji yamekuwa meusi. Wapagazi waliacha mizigo. Mwanamke mmoja akapiga yowe: "Imepinduka! Pirogi imepinduka kule katikati!"

Jamani, hofu ina meno. Ile ya shangazi ilikimbia, ikaingia nyingine kubwa kuliko ile. Akashuka ngazi mpaka maji yakamfika magotini, yeye asiyejua kuogelea, wala hakujua anatafuta nini. Mvua ikampiga usoni. "Mungu wangu," akawa anasema, meno yanagongana, "awe na wanawake hata kumi. Awe nao. Lakini awe hai."

Wavuvi wakawatoa watu mmoja mmoja. Wa kwanza hakuwa yeye. Wa pili hakuwa yeye. Wa tano alikuwa mzee, kanzu imemganda mwilini, naye ameshikwa mkono na kijana mrefu anayetapika maji.

Kasoki akamrukia, akamkumbatia, kisha akampiga makofi kifuani.

"Mke wako ni nani? Sema! Mke wako ni nani?"

"Mke gani?"

"Wa kabini ya saba!"

Djuma alikuwa anatetemeka mpaka maneno yakawa yanakatika. "Asubuhi ile nilikuja kununua nafasi yangu moja ya kulala juu ya boti, bila kabini. Alors ukanicheka. Ulipoenda, nikarudi dirishani, nikasema, nipeni kabini ya batu wawili."

"Ulikuwa hunijui!"

"Kama ningengoja, bei ingenishinda. Na ningeandikaje jina lako pale ukutani, baba yako hajaulizwa? Ingekuwa haya kwako. Nikaandikisha 'mke wake' tu, mpaka tonton afike kukuposa."

Tonton Yunus, yule mzee mjomba wake, akakamua kanzu yake. "Ndiyo safari yetu hii, mutoto wangu. Tulikuwa tunaenda kwa baba yako. Sasa turudi nyumbani, tutapanga siku ingine."

"Hapana, tonton," Kasoki akasema. "Leo."

Akawatangulia mvuani, moyo unamdunda kuliko pale majini, maana Papa Maurice hakukosa misa hata siku moja na hakuwahi kusikia jina Djuma nyumbani kwake. Wakaingia dukani, maji yakitiririka kwenye magunia ya sukari. Papa Maurice akavua miwani.

"Huyu ni nani?"

Kasoki akamshika Djuma mkono. "Papa... ni bwana yangu. Kama unakubali."

Mzee akamwangalia Djuma juu mpaka chini, akamwangalia Tonton Yunus, Kasoki akafumba macho.

"Bon. Bape kwanza nguo kavu," akasema. "Mutu anatetemeka hivi, posa yake nitaisikiaje?"