Pedali Iliyolishwa Betri Zilizochoka

Fundi alichomoa waya wa gita, na ule mvumo ukaendelea.

Hilo peke yake halikumtisha. Mtu aliyezeekea kwenye kutengeneza spika, amplifaya na pedali za wapiga gita, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, hashtuki kwa mvumo, kama daktari wa meno asivyoshtuka kuona mtu kapanua mdomo. Mvumo una sababu zake. Waya umekatika kwa ndani, tundu limelegea, au adapta moja ya bei poa imelazimishwa kulisha pedali tano, na zote zinanung'unika. Akaanza kuzichunguza kama kawaida yake, akiunganisha pedali moja moja na spika, hii nzima, hii nzima, mpaka akaipata yenye kasoro. Ilikuwa ile kuukuu, nyeusi, nzito kama tofali, haina jina wala maandishi. Tundu lake la umeme lilikuwa limezibwa kwa nta, ikijiendesha kwa betri iliyomo ndani.

"Ahaa, kumbe ni wewe bibie," akaiambia.

Pedali hizo alizileta asubuhi mjane wa mpiga gita mmoja, rafiki wa fundi wa siku nyingi. Bendi ya marehemu ilizitaka, naye hakutaka kuwapa vitu vibovu. Alipofika mlangoni akitoka, aligeuka akaionyesha ile nyeusi kwa kidole.

"Hiyo usiipe umeme, shemeji. Marehemu alikuwa anaitilia betri tu. Tena betri zilizochoka, zile alizokwisha kuzitumia kwenye redio. Mpya hakuwahi kuitia."

Fundi alicheka. Mambo hayo alikwisha kuyasikia. Wako wapiga gita wanaoapa kwamba betri inayokata roho huipa pedali sauti tamu, nzito, kama ya mtu aliyetoka kulia. "Wapiga gita wana mambo yao, shemeji," akasema.

"Mimi nimekwambia alivyofanya," mjane akajibu, wala hakucheka.

Basi fundi akaikwangua ile nta. Angeacha tu! Lakini fundi gani anaacha tundu limezibwa? Akapima kwa mita yake, akaona pedali inataka volti tisa, ila imegeuzwa: chanya ipo katikati ya plagi mahali ambapo pedali za siku hizi huweka hasi. Mzembe angeiunguza papo hapo. Yeye hakuwa mzembe. Alitengeneza waya wa kugeuza, akaipa pedali njia yake peke yake kwenye kisanduku kikubwa cha umeme, isichangie na wenzake, akawasha. Taa nyekundu ikawaka. Mvumo ukakatika, kimya safi kabisa.

"Masikini, ilikuwa na njaa tu," akasema, akajipongeza.

Ukuta wa karakana ndio ukuta wa jiko, na upande wa pili mkewe alikuwa anakaanga vitunguu huku akiimba. Mtaa mzima ulimwita Chiriku. Kuimba ndiyo kazi yake, harusi hii na harusi ile, na ndiyo pumzi ya nyumba ile, maana fundi mwenyewe ni mtu wa maneno mawili matatu kwa siku. Siku Chiriku akisafiri, mumewe huacha redio inaongea chumbani ili apate usingizi. Jumamosi ile alikuwa na harusi kubwa, akawa anajaribu wimbo mpya alioutunga mwenyewe.

Wimbo ule ukaanza kutoka kwenye spika.

Fundi akainua kichwa. Gita halikuunganishwa. Akafikiri kidogo, akapata jibu, maana jibu la kitaalamu halikosekani: kifaa kikuukuu ndani ya pedali kimekuwa kama maikrofoni, kinadaka sauti ya jikoni kupitia ukuta. Akagonga bati la pedali kwa kucha. Kama ndivyo, spika ingetoa mlio ule, tok. Haikutoa kitu. Wimbo uliendelea, karibu mno, kana kwamba mwimbaji kaweka midomo yake juu ya kitambaa cha spika. Ndipo akanusa nywele zinazoungua, na ndipo akatambua kwamba upande wa jikoni hakuna anayeimba.

Alimkuta Chiriku amesimama na mwiko mkononi, vitunguu vimeshakuwa makaa, mdomo unafunguka na kufumbika, shingo imesimama mishipa, na hakuna sauti inayotoka, hata ya kukohoa. Macho yake yalikuwa yanautazama ukuta, kule wimbo wake ulikokuwa unaendelea bila yeye.

Fundi alirudi mbio akang'oa plagi. Wimbo ukakatwa katikati. Mkewe akajishika koo.

Sauti haikurudi. Daktari alimmulika kooni, akasema hakuna kidonda wala uvimbe, apumzike. Chiriku akapumzika, akalia bila mlio, na nyumba ikawa kimya hadi fundi akawa anasikia maji yakitembea kwenye mabomba. Siku ya pili mkewe alimshika mkono, akamvuta mpaka karakana, akaandika kwenye simu neno moja: Washa.

"Hapana, mke wangu."

Akamwonyesha tena: Washa.

Akawasha. Chiriku akasogeza midomo, na spika ikasema, kwa sauti yake ileile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, "Fundi wangu, unanisikia?"

Jamani! Walikumbatiana. Walicheka na kulia, yeye kwa koo lake na mkewe kwa spika. Waliongea mchana kutwa, mambo ya maana na ya upuuzi, Chiriku ameketi kwenye stuli mbele ya amplifaya, midomo yake na ile sauti vikienda pamoja. Fundi alijua kwamba jambo lile si la kawaida, aliliona waziwazi, lakini alikuwa na kiu ya sauti ile, akanyamaza.

Jioni jua likiwa bado lipo, Chiriku alifumba mdomo anywe maji, na spika ikasema, "Niongezee."

Fundi akamtazama mkewe. Kikombe kilikuwa mdomoni.

"Fundi wangu, niongezee. Tisa hainishibishi. Ile ya kumi na nane unayo, nimeiona kwenye rafu, nyuma ya koili za shaba, na wewe mwenyewe unajua ziko pedali zinazokula kumi na nane na sauti ikafunguka, basi nifungue, mume wangu, nifungue niimbe Jumamosi, au hutaki kunisikia tena?"

Na mkono wake, Mungu wangu, mkono wake ulishaanza kwenda rafuni, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mkewe ikimwomba kitu, na hajawahi kuikatalia. Ulikwenda nusu ya njia, vidole vimeshagusa adapta, huku mkewe wa nyama na damu akiwa amemng'ang'ania kiunoni anatikisa kichwa, anatikisa, machozi yanaruka huku na huku, mdomo wake umeachama kwa ukelele usiosikika na mtu yeyote.

Akang'oa plagi. Akachomoa na waya kwenye pedali, akaushika mkononi auone kwa macho. Taa nyekundu iliendelea kuwaka muda mrefu, kisha ikafifia taratibu kama jicho linalosinzia.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mjane, naye mjane akafungua mlango akamwona alivyo. Alikaa chini hapohapo kizingitini.

"Umeipa umeme."

"Nimeipa, shemeji."

"Nilikwambia! Nilikwambia kwa mdomo wangu!"

"Uliniambia. Nikacheka. Sema sasa ni nini kile."

Mjane akapunguza sauti kana kwamba kuna aliyelala chumba cha pili. "Mdogo wangu alikuwa anaimba kwenye bendi ya marehemu. Wewe hukumbuki, kwa sababu tangu siku pedali ile ilipopewa umeme hajasema neno. Marehemu alitaka kuivunja, akaogopa, sauti ya mtoto wa watu imo humo. Ndiyo akawa anaipa makombo, isife wala isipate nguvu. Nami nikachoka kukaa nayo nyumba moja." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Nenda kwa yule mama mshonaji wa sare za shule, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Huyo hupunga pepo; mwambie ni mgeni anayekula sauti."

Mama mshonaji alikuja na futi ya kupimia nguo shingoni, maana aliitwa akiwa kazini. Ni mtu wa hasira za karibu.

"Umempa nini?"

"Volti tisa, mama. Zimetulia, hazina mvumo—"

"Volti mimi sizijui. Alikuwa anakula makombo. Wewe ukampa nini?"

"Sahani nzima."

"Na sasa anataka sufuria. Funga madirisha. Niletee betri zako zote mbovu, na simu yako uizime, nisije nikasikia mlio nikaharibikiwa."

Betri mbovu kwa fundi hazikosekani. Alizipima moja moja akazipanga, kutoka iliyochoka hadi iliyokufa. Mama mshonaji akafukiza ubani, akamketisha Chiriku sakafuni na kumfunika shuka, akasema, "Chochote atakachosema, asijibiwe."

Betri ya kwanza. Spika ikacheka kwa sauti ya Chiriku, kicheko kile cha kumtania mumewe. Ya pili. "Fundi wangu, mbona umenizimia taa?" Ya tatu, na sauti ikaanza kuwa nzito, ikavutika. Kila betri iliyofuata ilikuwa dhaifu kuliko iliyotangulia, na kila mara sauti ilishuka na kupasuka, nasikia baridi, nasikia njaa, mume wangu unaniua, unaniua kwa mkono wako, na nyuma ya sauti ile zikaanza kusikika nyingine, ya kijana mwanamume, ya bibi kizee, ya mtoto anayeita mama yake, zote zinang'ang'ania umeme uleule kidogo, zinapandana, zinakanyagana, huku harufu ya nywele zinazoungua imejaa hadi ubani haunusiki, na fundi anabadilisha betri, ameuma ulimi asije akaropoka ndiyo mpenzi, nipo hapa, nakuja.

"Rudisha usichonunua!" mama mshonaji akafoka. "Rudisha sauti ya mwanamke huyu, utoke humo!"

Ikajibu taratibu, kama kaseti inayokwama: "Nitatoka... humu."

Bati la pedali likapasuka kwa mlio mkavu. Chini ya shuka Chiriku akakohoa, akakohoa tena, akasema, "Maji."

Fundi alianguka magoti akamshika uso, akambusu paji, macho, mashavu. "Sema tena!"

"Maji, jamani, koo limekauka!"

Mama mshonaji hakushangilia. Alimkazia Chiriku macho, akamuuliza jina la mama yake mzazi, na siku aliyoolewa alivaa viatu gani. Chiriku akajibu yote. Mama akakusanya vipande vya pedali akavifunga kwenye kitambaa.

"Kwenye kisanduku ametoka. Hilo nina hakika nalo," akasema, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi Chiriku aliimba. Wenye harusi walisema hawajawahi kusikia sauti ile, safi, haichoki, imeanza alasiri imekwenda mpaka wapiga ngoma wakaomba kupumzika. Fundi alisimama ukumbini akawa anajifuta machozi waziwazi, hakujali. Nyumba yake ikarudia kelele zake. Alilala vizuri.

Siku chache baadaye, magharibi imeingia, alikuwa jikoni anamenya viazi na mkewe anamhadithia vituko vya harusi ile. Chiriku akihadithia huigiza, mikono juu, kiuno kinakwenda.

"Sasa shangazi mtu akasema na yeye anacheza! Na ule mwili wake! Akainua mguu hivi, kiatu kika—"

Umeme ukakatika. Mtaa mzima, giza tupu. Majirani wakaguna, mtu akapiga kelele aletewe mshumaa.

"Kikafanyaje?" fundi akauliza, bado anacheka.

Hakujibiwa.

"We Chiriku. Usinitanie. Kiatu kikafanyaje?"

Akapapasa simu, akawasha tochi. Mkewe alikuwa amesimama palepale, mikono juu, mguu mmoja umeinuka, macho wazi, meno nje kwa kicheko. Hakupepesa macho kwenye mwanga. Fundi akamwita jina lake alilopewa na wazazi wake. Akamgusa shavu, akamtikisa, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kama anavyosikiliza spika, kwa utulivu wote aliokuwa nao, na hakukuwa na kitu, hakukuwa na kitu kabisa, na yeye akabaki amemkumbatia hivyohivyo gizani huku nje watoto wakicheza na majirani wakizungumza habari za kawaida, akimwomba Mungu umeme urudi na akiogopa urudi.

Ukarudi.

"—ruka mpaka kwenye keki!" Chiriku akamalizia, akaangua kicheko, akapiga makofi. Halafu akamwona mumewe alivyomkumbatia. "He! Na wewe una nini leo? Mbona unatetemeka?"

Fundi akamwangalia usoni muda mrefu. Kisha akacheka na yeye, akamwambia hana kitu, aendelee tu na hadithi.

Asubuhi yake, mwenye duka la majenereta alimkuta fundi ameshafika, amesimama mlangoni anasubiri lifunguliwe.