Mwanamke wa Bangoni

Haya yalimpata rafiki yangu Marselina wa mtaa wa Area D, alipokwenda kuchukua bango la filamu ya upelelezi ya mumewe. Mtoto alikuwa mgongoni, miguuni soksi za njano. Yotham, aliyelichora, akamwachia kiti chake pekee, Mungu ambariki.

“Mbona mwanamke wa bangoni katupa mgongo?” Marselina akamuuliza.

“Shemeji, uso usioonekana ndio unaotisha. Mbele yake nimeweka giza tu.”

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Karatasi ikachakarika, kama mtu anayejifunga kitenge. Mtoto akacheka, kisha kimya.

“Mwanangu!” Marselina akapapasa mgongoni. Yumo, amelala.

Taa zikawaka. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa mtupu. Bangoni, mwanamke sasa alikuwa amefunga mbeleko, na pembeni kimechomoza kiguu chenye soksi ya njano.