Jalada la Wafinyanzi wa Ikombe

Kila asubuhi ya likizo Lusungu alimaliza kazi zake kabla jua halijapanda juu ya migomba. Alifagia uwanja, akaosha vyombo na kuvipanga kichanjani kwa ukubwa wake, kisha akatandaza kakao kwenye mkeka. Viatu vya nyumba nzima alivipanga mlangoni kwa jozi, na ole wake mdogo wake akivigusa. Shuleni alikuwa darasa la sita na kiranja wa maktaba, na cheo hicho alikipenda mno. Kama kuku wangekubali, hata wao angewapanga mstari.

Mama yake, Asifiwe, alikuwa karani wa mahakama ndogo ya mwanzo. Yeye ndiye aliyetunza masjala, yaani chumba cha majalada ya kesi. Humo zilikuwamo kesi za madai za zaidi ya miaka arobaini: mipaka ya mashamba ya mpunga, ng'ombe waliokula mahindi ya jirani, mahari zilizoleta maneno. Kila jalada lilikuwa na namba na mwaka wake, na vyote viliandikwa katika rejesta, daftari kubwa lenye gamba jeusi.

Juni ile paa la masjala lilivuja. Mvua ya Kyela haina adabu, haibishi hodi. Jumanne jua lilipotoka, hakimu aliruhusu majalada yaanikwe uwanjani, tena akakubali Lusungu ayalinde na upepo. Mzee Mansuri, mhudumu wa ofisi, aliyatoa nje na kuyatandaza kwenye mikeka. Mpita njia mmoja alisimama akauliza kama mahakama nayo imeanza kulima kakao.

Mchana wingu likajikusanya milimani. Mama alikuwa ndani, kesi ikiendelea, lakini alikuwa ameshaagiza kila fungu lirudi kwenye rafu yake kama lilivyotoka. Mzee Mansuri aliyabeba mbio mbio mpaka ndani, Lusungu akabaki kuyapanga.

Hapo ndipo kiranja wa maktaba alipoamka ndani yake. Aliona jina la Mwakalinga limekaa karibu na la Hamisi, akaguna. Maktabani vitabu hupangwa kwa alfabeti, kwa nini si hapa? Akaanza kuyapanga kwa majina ya koo za wadai. Sasa, huku Unyakyusani nani asiyejua kwamba koo nyingi huanza na Mwa? Alipomaliza, herufi A ilikuwa na majalada matatu, H mawili, na M ilijaza rafu tano na kushuka mpaka sakafuni. Hata hivyo mistari ilinyooka, akaridhika. Yale yaliyochanika au yenye madoa aliona yanaharibu sura ya kazi yake, akayatia kwenye boksi la sabuni nyuma ya mlango.

Jioni mama alimuuliza kama ameyarudisha yote kama yalivyokuwa. Lusungu akajibu ndiyo. Mama, aliyekuwa amechoka, alitupia jicho ile mistari mizuri, akamsifu.

Ijumaa asubuhi alifika bibi mmoja mwembamba, kanga yake ikiwa bado na maji ya ziwa. Aliitwa Bibi Tusajigwe, mfinyanzi wa vyungu kutoka Ikombe. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi alfajiri, kisha akapanda bodaboda. Alimweleza mama shida yake bila kuzunguka. Mtu mmoja alikuwa amezungushia uzio mahali ambapo wanawake wa Ikombe huchimba udongo, akidai ni shamba lake. Jumatatu asubuhi walitakiwa mbele ya Baraza la Ardhi. Zamani, mwaka mmoja kabla ya mvua za Elinino, mtu mwingine alijaribu hivyo hivyo, wakamshtaki katika mahakama hii, wakashinda. Karatasi waliyopewa ililiwa na mchwa. Sasa alihitaji nakala ya hukumu yenye muhuri.

"Bila karatasi hiyo ni maneno yetu na maneno yake," alisema. "Na yeye ana wakili. Tukikosa udongo, mama karani, tutafinyanga nini? Upepo?"

Mama alifunua rejesta, akapitisha kidole, akaipata: Shauri la Madai Namba 23 la mwaka 1996. Akamwambia bibi asubiri dakika tano tu, maana hakimu, Mheshimiwa Zuena, alikuwepo kutia saini. Shida ni kwamba hakimu alikuwa anaondoka saa tisa kwa safari ya kikazi, na asingerudi hadi Jumatano.

Dakika tano zikawa ishirini. Kwenye rafu, mwaka 1996 ulikaa na 1983, na 1983 ukakaa na 2004. Mama alitoka akiwa amekunja uso, akamwita Mzee Mansuri, aliyekuwa amekwisha vaa kanzu ya kwenda swala ya Ijumaa. Alimuuliza kwa heshima, lakini kwa sauti kavu, jinsi alivyoyarudisha majalada siku ile.

"Mimi nilibeba tu, mama karani," alijibu mzee. "Lakini kama nimekosea, unisamehe."

Lusungu alikuwa barazani, akasikia kila neno. Mzee wa watu alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo hata hakulijua. Aliingia ndani, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, si Mzee Mansuri. Ni mimi. Niliyapanga kwa majina ya koo, halafu nikakudanganya."

Lile boksi alilikumbuka, lakini akajiambia kwamba mle mna takataka tu. Kosa moja kwa siku linatosha, alijisemea.

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Lusungu kuliko kelele. Mama mwenyewe alimwomba radhi Mzee Mansuri, mzee akaenda zake msikitini. Mheshimiwa Zuena alipotoka na kuelezwa, alijaribu kukunja uso akashindwa.

"Kwa koo?" alisema. "Mimi niliyekuja kutoka Tanga nilijua siku ya kwanza kwamba hapa kila mtu ni Mwa."

Wakaingia kazini. Mdai katika rejesta alikuwa Maria Mwankenja na wenzake sita, kwa hiyo jalada lingekuwa kwenye zile rafu za M zisizo na mwisho. Lusungu aliyashusha, mama akayagawa kwa miaka, mafungu yakajaa sakafu nzima kama mpunga siku ya mavuno. Saa nane fungu la 1996 lilikamilika. Lilikuwa na namba 22. Lilikuwa na namba 24. Ishirini na tatu haikuwamo.

Mama aliangalia tena rejesta, akaangalia tena fungu. Bibi Tusajigwe, aliyekuwa mlangoni, alifunga na kufungua fundo la kanga yake, machozi yakimlengalenga. Kisha, kama mtu anayejituliza mwenyewe, akaanza kueleza siku ile ya zamani. Walikuja kutoka kwenye udongo moja kwa moja, bila hata kunawa. Karani wa wakati ule alimshikisha jalada, naye akaacha alama za vidole vyote vitano juu yake.

"Alifoka yule baba!" bibi alisema, akicheka huku akijifuta macho. "Alisema nimeifinyanga mahakama."

Kila mtu alicheka isipokuwa Lusungu. Vidole vile vitano alikuwa amevisugua kwa upindo wa sketi yake Jumanne, vikakataa kutoka. Angeweza kulichomoa kimya kimya na kujifanya ameliona mahali. Lakini tangu asubuhi bibi wa watu alikuwa anateseka kwa sababu yake.

"Kuna jambo nililibakiza," alisema. "Yaliyochafuka niliyaficha. Niliona yanaharibu mpangilio wangu."

Alivuta boksi la sabuni kutoka nyuma ya mlango. Jalada la tatu lilikuwa na alama ya mkono, rangi ya chungu kilichochomwa. Bibi Tusajigwe alilichukua, akaweka kiganja chake juu ya alama ile. Kilienea sawasawa.

Mama aliisoma hukumu kwa sauti. Ilisema kwamba wanawake wa Ikombe wataendelea kuchimba udongo mahali pale kama mama zao walivyochimba, na kwamba mtu yeyote asiwazuie. Mzee Mansuri, aliyekuwa amerudi kutoka swala, aliruka juu ya baiskeli, kanzu ikipepea, akampakia mama nyuma, wakaenda kutoa kopi dukani. Hakimu alilinganisha nakala na hukumu yenyewe, akatia saini, muhuri ukagonga. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Bibi alipiga vigelegele, na watu waliokuwa njiani wakavipokea bila hata kujua ni vya nini.

Lusungu alimpigia magoti, akaomba msamaha. Bibi alimwinua.

"Ndaga fijo, asante sana, mjukuu wangu, kwa kusema," alimwambia. "Lakini nikufundishe. Chungu kikipata ufa, mvivu huupaka udongo juu juu, kikapendeza. Kikiingia motoni hupasuka palepale. Ufa uuoneshe wote mapema, utengenezwe."

Kwa wiki mbili Lusungu alirudisha majalada kwa mwaka na kwa namba, rejesta ikiwa wazi mbele yake, na ajabu ni kwamba aliifurahia kazi hiyo. Habari za Jumatatu zilikuwa zimekwisha fika kwa simu: mwenye uzio alipooneshwa hukumu yenye muhuri, alikubali mbele ya baraza kuung'oa, na wakili wake alifunga mkoba bila neno.

Siku ya mwisho aliweka namba 23 katikati ya 22 na 24. Mama alisimama kando yake.

"Mwanangu," alisema, "hapa hatupangi vitu ili vipendeze. Tunapanga ili mtu mwenye shida alipate jalada lake, hata akija baada ya miaka thelathini. Na ukikiri kosa, likiri lote. Nusu ya ukweli ilitusumbua kuliko uongo wenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama." Lusungu alifikiri kidogo, akashusha pumzi. "Basi na ile sahani yako ya maua iliyovunjika, mama. Si paka, ni mimi."

Mama alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa, akakaa kwenye kiti akicheka mpaka hakimu akachungulia kuona kuna nini.