Mzigo Usiozidi Yai

Mwanzoni mwa Januari, wiki ambayo Thika nzima hutafuta mifuko ya shule, kijana asiyejulikana alisimama mbele ya cherehani ya Ndanu akiwa amekumbatia miavuli mibovu kama mtu aliyetoka kuokota kuni.

"Sasa. Wewe ndiye Fundi Ndanu?"

"Poa. Miavuli sitengenezi leo. Si unaona hiyo foleni?"

"Sitaki uitengeneze. Nataka uikate, unishonee hema."

"Hema la mtu wa aina gani?"

Akainua kidole gumba. "Wa urefu huu. Ni mhamaji wa angani, hatui chini hata kulala. Nataka hema, kitanda cha kuning'iniza na kamba, na vyote vikiingia kwenye kifuko visizidi uzito wa yai."

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mkoba uliokatika zipu akamwuliza, "Kijana, umevuta nini asubuhi hii?"

Ndanu hakucheka. Alimtazama yule mgeni: shati la kitenge lililopigwa pasi vizuri, raba zilizotoboka penye vidole, na uso uliongoja jibu bila aibu. Ndanu alikuwa na digrii ya ubunifu wa mavazi, na tangu ahitimu hakuna aliyewahi kumletea swali gumu. Wote walimletea zipu.

"Yai la kienyeji ama la gredi?" akauliza.

"La kienyeji."

"Hapo umenibana. Rudi Alhamisi."

Jina lake lilikuwa Kagwe. Aliishi Gitothua na kufanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi mjini Ruiru. Kila Jumamosi alasiri yeye na wenzake walikutana chumba cha nyuma cha hoteli ya Becky, wakaagiza chai ya pamoja na kucheza mchezo ambao rafiki yao Mwas aliutunga mwenyewe. Kila mmoja alikuwa mhamaji wa angani: sanamu ndogo ya udongo yenye unyoya wa kuku mgongoni. Waliviringisha dadu, wakasimulia, wakavuka milima isiyokuwapo. Kabla ya safari Mwas alitoa mizani ya mbao, akaweka yai la kuchemsha upande mmoja na kifuko cha mchezaji upande wa pili. Mzigo ukizidi yai, hupai, na yai unalila bila chumvi. Na mhamaji akikanyaga ardhi hung'olewa unyoya wake, wala haurudishwi tena.

Alhamisi hema halikuwa tayari, basi Jumamosi Ndanu alienda Ruiru kulipeleka, akabaki kutazama. Jumamosi iliyofuata alikuwa na sanamu yake. Punde akawa amewashonea wote vitanda vya kitambaa cha mwavuli vyembamba kama ganda la kitunguu, na sufuria za vizibo vya soda. Vifaa vyote vilikuwa vyeusi, vimefanana kama mapacha. Kwa siri tu, vya Kagwe alivipinda ukingo kwa uzi mwekundu.

"Umekula?" Kagwe alikuwa akimwuliza kwa simu kila mchana.

"Nimekula."

"Uongo. Nasikia cherehani."

"Kwani nikila inanyamaza? Wewe nawe, ni mpenzi ama ni mkaguzi?"

"Ni vyote viwili, mrembo. Weka hiyo nguo chini, nenda ukale githeri."

Watu walisema. "Digrii yote hiyo," mama wa mkoba alimwambia siku nyingine, "na unashonea wanasesere?" Ndanu alichemka. Mbona mtu mzima akishinda kwenye simu akibashiri mechi anaambiwa anajitafutia, lakini vijana wakiketi wakatunga nchi ambamo hakuna anayeachwa nyuma, wanaambiwa wakue? Wakue wawe nini?

Mwezi wa nne ikaja kazi kubwa ya mikoba ya kanisa, kazi ya kushona hata Jumamosi, asipate nafasi ya kwenda Ruiru. Ndanu akamkabidhi Kagwe kifuko chake cha mchezo, na mikono yake ilisita kukiachilia.

"Kuna kiwanda nilifanyia mafunzo," alisema. "Nilibuni mkoba, nikaambiwa niuache hapo, utatunzwa. Mwaka uliofuata niliuona ukining'inia dukani. Jina langu halikuwapo popote. Kwa hivyo ukinichezea na hiki, Kagwe..."

"Tazama macho yangu. Sitakitumia. Hakitapotea hata uzi. Ukirudi utakikuta vile ulivyoniachia."

Majuma yakapita. Ijumaa moja simu ikalia.

"Ndanu, dada yangu, sijui nikuambie aje," alisema Becky. "Jumamosi iliyopita Mwas alisema asiyekuja mzigo wake ugawanywe, kwa sababu wanaingia Bonde la Pepo. Mimi nilikuwa jikoni. Kurudi na chai, nikakuta kila mtu ameshika vitu vyako. Na Kagwe ndiye alikuwa akigawa. Haki ya Mungu, niliona na haya macho."

Ndanu akampigia Kagwe kabla cherehani haijasimama.

"Mlinigawa?"

"Beb, ngoja..."

"Jibu! Mzigo ulichukuliwa ama haukuchukuliwa?"

"Changu kilikuwa... Sikiliza, wako nilichukua mimi."

"Wote?"

"Wote. Lakini Ndanu..."

Akakata. Kagwe akapiga tena, Ndanu akamfungia namba. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Angalau kile kiwanda hakikuwahi kumwambia tazama macho yangu! Wezi wa kiwandani walikuwa na haraka ya biashara. Huyu aliiba kitu kisichouzika popote, akamwibia mtu aliyemjua hata akidanganya kwamba amekula.

Kesho yake stima ilipotea Thika na mafundi wa ile kazi ya kanisa wakaachiliwa mapema. Ndanu alipita nyumbani mara moja tu. Alivaa lile gauni la kijani ambalo Kagwe alilipenda, ili ajue anachopoteza, akaenda Ruiru.

Alisukuma mlango wa chumba cha nyuma bila hodi.

"Wapi kitanda changu?"

Mchezaji mmoja aliyeitwa Owino alishika kitu cheusi kati ya vidole, akakiweka mezani polepole kama mtu aliyefumaniwa. Ndanu akakinyakua. "Hiki hapa! Nyinyi hamna haya? Mnakaa hapa mkihubiri eti hatuachi mtu nyuma..."

Kidole chake kikagusa ukingo. Uzi ulikuwa mwekundu.

Akatazama mikono ya wengine. Hema lilikuwa na uzi mwekundu, kamba vilevile.

"Hivi si vyangu," alisema, sauti ikimshuka. "Hivi ni vya Kagwe."

"Tulitaka kugawa vyako," Mwas akasema. "Akasimama, akasema cha Ndanu hakiguswi, gaweni changu. Vifuko viwili vinazidi yai. Akamwaga chake hapa mezani, akabaki na chako."

"Ndio nilikuwa nakwambia," alisema Kagwe kutoka pembeni. Hakuinua macho. "Ukakata."

"Si ungesema haraka!"

"Wewe na hasira zako, nani hupata nafasi ya kusema haraka?"

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Ndanu hakukubali kucheka. "Na sasa unalala wapi?"

Ndipo alipoiona sanamu ya Kagwe, peke yake katikati ya meza. Wengine walikuwa wamekwisha kutundika vitanda vyao juu ya bonde. Giza la mchezo lilikuwa linaingia.

"Mrudishieni kitanda chake!"

"Kilichogawanywa hakirudi," Mwas alisema kwa huzuni. "Alijua."

"Sheria gani hii ya kumwumiza mtu aliyeshika neno lake? Kagwe, lalia changu. Nakuruhusu."

Kagwe akafungua kifuko, akampangia vyote mkononi: hema, kamba, sufuria ya kizibo, kitanda kilichokunjwa vilevile alivyokikunja yeye mwenyewe. "Umerudi, Ndanu. Usiku ni wako pia. Kitanda kimoja, mtu mmoja. Nikikilalia, wewe utaanguka."

Akaichukua sanamu yake, ile aliyoicheza tangu mchezo ulipoanza, akaishusha hadi kwenye ubao wa meza. Kisha akaung'oa unyoya mwenyewe, taratibu, asimwachie Mwas kazi hiyo.

Ndanu akaushika unyoya wa sanamu yake. Kagwe akamdaka mkono.

"Usithubutu! Nimebeba huo mzigo ili upae."

"Mjinga wewe," Ndanu alisema, machozi na hasira vikigombania uso wake. "Mjinga kabisa. Utavuka hilo bonde na miguu mitupu?"

Akavuta kiti karibu naye, akatoa sindano kwenye mkoba, na kipande cha mwavuli, na uzi mwekundu.

"Lete huo mguu wa udongo niupime," alisema. "Mtu wa ardhini huvaa viatu."